Umeme Ujerumani nalipa bei gani? Haya, leo najibu

Haya, kamera imeshika? Imeshika. Niko jikoni, msinitafutie kasoro za makabati.

Swali ni lile lile. Kila nikiweka video, hata ya kusuka nywele, lazima mtu aandike: "Dada, umeme huko unalipa shilingi ngapi kwa mwezi?" Nimelikwepa kwa sababu najua yatakayofuata. Nikitaja euro, najishaua. Nikisema ghali, mbona sirudi. Kwa hiyo naongelea nyumba yangu mimi, hapa Leipzig, chumba na sebule, naishi peke yangu. Mwenzangu wa Hamburg mwenye watoto watatu ana hesabu zake.

Nalipa euro 99 kwa mwezi. Lakini ukiishika namba hiyo peke yake itakuponza kama ilivyoniponza mimi.

Huko nyumbani Tanzania unanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, uniti zikiisha giza, basi umejua. Huku unatumia kwanza. Kampuni inakisia utatumia kiasi gani kwa mwaka, inakukata kiasi kile kile kila mwezi, wanaita Abschlag, halafu mwaka ukiisha ndiyo hesabu zinapigwa. Ukitumia pungufu wanakurudishia. Ukizidisha inakuja barua ya Nachzahlung, yaani ulipe kilichozidi, na Mswahili wa huku ukimtajia neno hilo anashika kichwa.

Nilipohamia walinipangia euro 55. Nikadhani ndiyo bei! Mwaka ukaisha, barua ikaja: nadaiwa euro 708. Nilikaa pale pale kwenye ngazi. Hiyo ni karibu milioni mbili za kwetu.

Kumbe kabla yake waliniandikia nisome mita niwatumie namba. Mimi nikadhani tangazo, nikatupa. Wasipopata namba wanakisia tena. Sasa mita iko stoo chini ya jengo, ufunguo anao msimamizi, msimamizi anapatikana Jumanne asubuhi, na Jumanne asubuhi niko kazini. Nikaomba ruhusa, nikapiga picha, nikatuma. Jibu: picha haina tarehe. Nikaomba ruhusa tena. Wiki 11 za barua, tena za Kijerumani kile cha ofisi ambacho hata Wajerumani wanakisoma mara mbili. Mwishowe wakakubali: wao walikisia uniti 3,400, mita ikasema 2,900. Kwenye mkataba wangu uniti moja ni senti 36, na kuna euro 12 kila mwezi hata usipowasha kitu. Deni likashuka hadi 528, nikalipa kwa mafungu manne, na Abschlag ikapanda hadi hizo 99. Desemba ile sikutuma kitu nyumbani, na waliosema maneno kwenye kundi la familia nawajua, mnanitazama sasa hivi.

Haya, uniti 2,900 za mtu mmoja zimekwenda wapi? Kila mtu aliniambia zima taa. Balbu yangu ni ya LED, wati 9. Wati mara saa, gawa kwa 1,000, unapata uniti, hilo mnalijua. Kuiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku haifiki senti mbili. Nimekaa gizani kama popo kwa ajili ya senti mbili!

Nikaazima maktaba ya mtaani kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, chombo chako unakichomeka juu yake. Nikaanza na friji niliyoachiwa na mpangaji wa zamani. Friji usiipigie hesabu ya wati mara saa 24, maana mota yake inawaka na kuzima. Iache kwenye kipimo siku nzima. Yangu ilikula uniti 1.2 kwa siku. Kwa mwaka ni karibu euro 158. Friji ya bure hiyo.

Bafuni kipimo hakifanyi kazi, kwa sababu mashine ya kuchemshia maji imeungwa moja kwa moja ukutani. Imeandikwa kilowati 21. Jiko langu zima halifiki nusu yake. Siku nilipopata ufunguo nikamwacha rafiki yangu bafuni, nikashuka stoo na simu sikioni. Mita yangu ni ya kizamani, ina kisahani kinachozunguka, mizunguko 75 ni uniti moja. Kwa friji peke yake kilikuwa kinajivuta dakika nane kumaliza mzunguko. Nikasema, haya fungulia. Kikaondoka mbio, mizunguko 26 kwa dakika! Kuoga dakika kumi hivyo ni uniti 3.5, yaani euro moja na senti 26. Kwa uniti hizo balbu yangu ingewaka siku 16, usiku na mchana.

Na kuna mtoto wa shangazi, alikuja Januari mwezi mzima. Radieta zipo, yeye anasema zinachelewa, akanunua hita ya wati 2,000. Saa sita kwa siku, uniti 12. Mwezi ule peke yake karibu euro 130, na hakuacha hata mkate. Nilinyamaza kwa sababu ya shangazi.

Wengi mmeniuliza kuhusu jiko la presha la umeme, kwamba litamaliza LUKU. La kwangu limeandikwa wati 1,000, lakini likishapata presha linawaka na kupumzika. Maharage nusu kilo yalikula uniti 0.4. Huko kwenye tarifa ya shilingi 292, ambayo na kodi na tozo inafika kama 356, ni shilingi 140 na kitu. Aliye kwenye D1, tarifa ya wanaotumia umeme kidogo, zile uniti 75 za kwanza za shilingi 100, ni chini zaidi. Lakini hayo ni maharage yangu, niliyaloweka usiku. Usije ukanunua jiko halafu unitukane.

Kipimo cha soketi si lazima. Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa imp/kWh, yaani mipepeso kwa uniti moja, mara nyingi 1000 au 1600. Zima kila kitu, washa pasi tu, hesabu mipepeso dakika moja wakati pasi inapata moto. Mita ya 1000 na pasi ya wati 1,000, utaona kama mipepeso 17. Jaribuni mniandikie, ila mtaje mita ni ya ngapi, bila hiyo namba hatutaelewana.