Picha ya Kereng'ende Mbele ya Jaji

Mabibi na mabwana, wapiga picha wenzangu wa Tanga, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nieleze jaji anatazama nini akiletewa picha ya kereng'ende. Nitaanza na kanuni, maana wengi tunapeleka picha mashindanoni bila kuisoma.

Mwaka 2014 vyama vitatu vikubwa vya upigaji picha, yaani FIAP ya kimataifa, PSA ya Marekani na RPS ya Uingereza, vilikubaliana maana moja ya picha ya viumbe na mazingira yao. Humo mna mambo mawili ninayotaka myashike. La kwanza, mtu mwenye ujuzi wa viumbe aweze kumtambua aliyepigwa picha na kuthibitisha kwamba ameonyeshwa kwa uaminifu. La pili, kisa kinachosimuliwa na picha kina uzito kuliko urembo wake. Nimekaa meza moja na majaji wanaoigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu. Mandharinyuma yamelainika, rangi inawaka, basi alama zinapanda. Ukiwauliza huyo ni kereng'ende gani, wanakujibu, "Mwekundu."

Haya, tumchukue huyo mwekundu. Pwani hii kuna wekundu wengi, na watatu mtawakuta mara kwa mara. Crocothemis erythraea dume ana fumbatio, yaani ile sehemu ndefu ya nyuma ambayo wengi huiita mkia, pana lililobapa, na wekundu wake unaenea hadi usoni na miguuni. Trithemis arteriosa ni mwembamba zaidi. Mishipa ya mabawa yake ni myekundu, lakini miguu ni myeusi, na pembeni mwa fumbatio kuna weusi unaozidi kuelekea ncha. Trithemis kirbyi ana mabaka makubwa ya rangi ya chungwa kwenye mashina ya mabawa, na anapenda kutua juu ya mawe na kuta zenye joto. Sasa fikirini picha iliyopigwa kwa f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, kamera ikimtazama usoni. Macho ni makali kabisa, nyuma yake ukungu mwekundu. Miguu imefichwa na jani, ncha ya fumbatio haionekani. Ni picha ya kupendeza. Lakini kila nilichohitaji ili nimjue, mpiga picha amekifuta mwenyewe, na mimi nitampunguzia alama bila kuona haya.

Wa manjano ndio wanaowaponza watu zaidi. Madume machanga ya hao wekundu huanza maisha yao yakiwa na manjano au hudhurungi, karibu sawa na majike. Kwa hiyo maelezo yanayosema "jike" kwa sababu ya rangi peke yake hayanitoshi. Tazameni chini ya pingili ya pili ya fumbatio, karibu na kifua. Dume ana kinundu pale. Ndicho kiungo chake cha kujamiiana. Kisha tazameni vile vibanio vya mwisho kabisa, ambavyo dume hutumia kumshika jike. Vyote viwili huonekana vizuri ukipiga kutoka ubavuni.

Na hapo ndipo ushauri wangu wa ufundi unapotoka. Ukimsogelea kwa lenzi ya makro, hata kwa f/11, tundu la lenzi likiwa dogo, unabaki na milimita chache tu za fokasi. Huwezi kupata kila kitu, lazima uchague. Ukimpiga ubavuni, kamera ikiwa sambamba na mwili wake, unapata jicho, milia ya kifua, kinundu na vibanio katika bapa moja. Mabawa yatafifia kidogo, yaacheni yafifie. Ukimpiga kutoka juu unapata mabawa yote, mishipa yake, na lile doa dogo karibu na ncha ya kila bawa, ambalo rangi yake husaidia sana kutambua. Kanuni inaruhusu kuunganisha fremu zenye fokasi tofauti, mradi matokeo yaonekane ya asili, lakini kwa mdudu anayezungusha kichwa kila sekunde nakutakieni subira njema.

Kundi la kereng'ende liitwalo Orthetrum linanipendeza kwa sababu linafundisha unyenyekevu. Dume akikomaa mwili wake hufunikwa na unga wa nta wa rangi ya samawati, na michoro ya ujanani inapotea chini yake. Orthetrum chrysostigma unaweza kumshika kwa mstari mweupe ubavuni mwa kifua na kiuno kilichobanwa. Wengine katika kundi hilo hutofautishwa kwa umbo la kile kiungo cha pingili ya pili, nacho picha nyingi hazikionyeshi. Mtu akiandika "Orthetrum" tu akaishia hapo, namheshimu kuliko anayebandika jina kamili alilopewa na programu ya simu. Tena, flashi kali huunguza unga ule ukawa mweupe tupu, ikafuta hata kile kidogo kilichobaki. Ipunguzeni.

Jaji naye ana deni lake. Nimesikia jaji akisema picha ya kereng'ende aliyesimamisha mkia wima kuelekea jua "imepangwa". Hakuna aliyeipanga. Jua la utosi likiwa kali, baadhi yao hujisimamisha hivyo ili mwili upigwe na miale michache. Vivyo hivyo picha ya kujamiiana, ile wanayofanya duara. Watu huiita moyo wa mapenzi, wakaishia hapo. Mwaka 1979 mtafiti Jonathan Waage alionyesha kwa spishi moja ya Amerika Kaskazini kwamba dume, kabla ya kuweka mbegu zake, huondoa zile zilizoachwa na dume aliyetangulia. Ndiyo maana madume mengi hulinda jike mpaka amalize kutaga. Mkinionyesha duara lenye viungo vyake viwili vikiwa wazi, pale vibanio vinaposhika na pale fumbatio la jike linapofika kwenye kinundu, mmenisimulia kisa kizima.

Sasa udanganyifu. Wapo wanaomtia mdudu kwenye friji, akaganda kwa baridi, wakamweka juu ya ua na kumpulizia maji yaonekane umande. Sehemu ya wanyamapori katika kanuni ile inataka kiumbe awe huru, asiyezuiwa, katika makazi yake. Mimi hutazama miguu kwanza: je, imeshika, au imewekwa tu? Kisha mahali. Trithemis kirbyi, mpenda mawe, akiletwa juu ya yungiyungi katikati ya matone makubwa ya mviringo, simhukumu mtu papo hapo, ila nitaomba faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera bila kuhaririwa, na fremu za kabla na baada.

Nyie wa Tanga mna bahati mnayoisahau. Huko juu Amani, kwenye vijito vya Usambara Mashariki, yupo Amanipodagrion gilliesi, aliye hatarini mno kutoweka. Ni wa kundi la kereng'ende wembamba. Katika misitu ya Usambara na ya pwani mpaka Kenya yupo pia Coryphagrion grandis, mrefu ajabu, ambaye ndugu zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini. Huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti. Uadimu peke yake hauongezi alama kwangu. Lakini Coryphagrion akiwa kando ya shimo lake la mti, hata picha ikiwa na giza kidogo, itampita Crocothemis aliyeng'arishwa. Na tafadhali, kijito cha Amani msikikanyage kwa ajili ya pembe nzuri.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada... Anauliza kuhusu wale wa vuli, wanaojaa angani bila kutua.

Hao wengi wao ni Pantala flavescens. Mwaka 2009 Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alichapisha hoja kwamba huvuka bahari kutoka India kupitia visiwa vile, wakibebwa na pepo za juu, mpaka Afrika Mashariki, ambako huzaliana kwenye madimbwi ya mvua. Maldives haina mito, ndiyo maana wingi wao kila Oktoba ulimshangaza. Dada, usihangaike kupata uso wa mmoja. Chukua lenzi pana zaidi, onyesha kundi na wingu la mvua nyuma yake, na hakikisha angalau mmoja wa mbele anaonyesha lile bawa pana la nyuma. Kasi ya shata isiwe chini ya 1/2000 ya sekunde. Huwa wanapita njia ileile mbele ya ua au ukuta, wakigeuka na kurudi, kwa hiyo weka fokasi mahali pamoja, uache waje wenyewe.