Hundi za Shangazi na Saini 5 kati ya 9

SALMA: Karibuni tena. Leo tulipanga mafunzo matatu ya kuunganisha kwa usalama mnyororo wa pembeni, yaani daftari dogo la sarafu za kidijitali, na mnyororo mkuu unaouegemea, kama Bitcoin au Ethereum, ila Baraka kaingia amekunja uso. Kulikoni?

BARAKA: Kikundi chetu cha kufa na kuzikana, dada. Jumamosi tulikuwa na makabidhiano. Shangazi, mwenyekiti anayemaliza muda, akatoa kitabu cha hundi kwenye pochi. Hundi nne zina saini ya katibu, kiasi hakijaandikwa! Katibu alizisaini mwaka jana akienda kumuuguza mama yake, ili msiba ukitokea tusikwame. Akarudi, hundi zikabaki.

SALMA: Benki inataka saini ngapi?

BARAKA: Mbili. Shangazi alikuwa nazo zote mbili muda wote huo. Hakugusa hata shilingi, lakini sijalala vizuri tangu siku ile.

SALMA: Hiyo ndiyo Ronin yenyewe!

BARAKA: Ndiyo. Hebu waeleze.

SALMA: Ronin ilianzishwa kama mnyororo wa pembeni wa Ethereum, na kampuni ya Sky Mavis, kwa ajili ya mchezo wao wa Axie Infinity. Ukivusha ether, sarafu ya Ethereum, yenyewe haihami. Inafungwa kule Ethereum, huku unapewa ya kuiwakilisha. Kuifungua kulihitaji saini 5 kati ya 9 za wathibitishaji, yaani wenye funguo za kuidhinisha, na 4 walizishika Sky Mavis. Novemba 2021 watumiaji walifurika, Axie DAO, jumuiya ya mchezo huo yenye saini yake moja, ikawaruhusu Sky Mavis wasaini kwa niaba yake. Mpango ukaisha Desemba, ruhusa haikufutwa.

BARAKA: Hundi za shangazi!

SALMA: Hundi za shangazi kabisa. Tarehe 23 Machi 2022 wadukuzi walioingia Sky Mavis wakapata zile 4, na ya 5 kwa ruhusa hiyo iliyosahaulika. Zikaondoka ether 173,600 na USDC, sarafu inayofuata thamani ya dola, milioni 25.5. Ikajulikana tarehe 29, mtu aliposhindwa kutoa ether 5,000.

BARAKA: Siku sita! Na sisi tungejua siku ya msiba, kaburi limeshachimbwa, pesa ya sanda hakuna.

SALMA: Ndiyo maana naitetea Liquid, mnyororo wa pembeni wa Bitcoin. Bitcoin haina namna ya kusoma yanayotokea pembeni, kwa hiyo wakati wa kutoa lazima awepo wa kuthibitisha. Liquid inataka saini 11 kati ya 15, za taasisi mbalimbali. Na bitcoin inayoingia inasubiri bloku 102, yaani kurasa 102 za miamala, kama saa 17, mnyororo mkuu usije ukajipanga upya na kufuta kurasa za mwisho, zikabaki sarafu za pembeni zisizo na dhamana.

BARAKA: Hiyo bado ni kamati, dada. Mimi nataka BIP 300, pendekezo la Paul Sztorc la kubadili kanuni za Bitcoin. Wachimbaji, wenye mitambo inayotengeneza bloku, wapige kura bloku kwa bloku, kutoa kuchukue miezi 3 au zaidi. Wizi ukianza kila mtu anauona.

SALMA: Anauona, halafu? Wachimbaji wengi wakikubaliana kuiba, nani wa kuwazuia? Taasisi ninayoijua nitaishtaki.

BARAKA: Wakiiba wanaiua bei ya sarafu wanayoichimba. Mitambo ile haina kazi nyingine ya maana.

SALMA: Aliyekodi tu mitambo hilo halimhusu.

BARAKA: Na taasisi 5 zikifungiwa na serikali siku moja? Zinabaki 10, saini hazitoshi, kutoa kunasimama.

SALMA: Afadhali kusimame kuliko pesa iibwe.

BARAKA: Kamwambie hivyo mwenye mgonjwa anayeihitaji leo.

SALMA: Na wewe kamwambie asubiri miezi 3!

BARAKA: Huyo atauza sarafu yake ya pembeni kwa mtu aliye tayari kusubiri, apate yake leo.

SALMA: Kwa hasara. Jamani, fundi anatuonyesha saa, na mafunzo hatujagusa hata moja.

BARAKA: Yaache. Wiki ijayo nakuja na hesabu ya hiyo mitambo ya kukodi.

SALMA: Njoo nayo. Mimi bado nasema 11 kati ya 15.

BARAKA: Na mimi nasema wachimbaji.