Nani Alikuwapo Mkataba Ulipotiwa Saini?

Mhadhara uliotolewa Tunguu, Unguja

Assalaam alaykum. Walimu wangu, wazee wangu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka barazani nje.

Nimeombwa nizungumze juu ya ushirikiano wa kidiplomasia na ulinzi baina ya nchi marafiki. Naanzia hapa hapa Tunguu. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana Marekani ijenge Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vyake vya angani, katika mradi wa Mercury, mradi wake wa kwanza wa kupeleka watu angani. Sisi tulikuwa himaya ya Waingereza, basi mazungumzo yalikuwa ya Washington na London. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, mitambo ya Unguja ilikuwa miongoni mwa iliyopokea mawimbi ya chombo chake. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza na kuzungumza na chombo. Lakini wengi walihofia kwamba kisiwa kinageuzwa kambi ya makombora, na Aprili 1964, miezi mitatu baada ya Mapinduzi, serikali ya Mzee Karume iliagiza kituo kifungwe.

Waliohofia siwalaumu hata kidogo. Mtu akijengewa mtambo nyuma ya nyumba yake na hakuna aliyemweleza ni wa nini, atadhani lolote, na ana haki. Mkataba ule ulikosa mwenyeji.

Rafiki naye hujulikana siku unapomkatalia. Zanzibar baada ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki. Mkipita Kikwajuni mnayaona majumba ya urafiki ule. Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo wake: anayemtambua mwenzangu, mimi simo. Baada ya Muungano, Tanzania ilitafuta njia ya katikati, Wajerumani Mashariki wabaki na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Haikusaidia. Mwaka 1965 Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilisitisha msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Nchi ilikuwa changa na msaada ulihitajika kweli, lakini mimi naona alifanya sawa.

Sasa nataka kukaa kidogo na Nzuwani, kisiwa cha Komoro kiitwacho pia Anjouan, maana hapo ndipo niliposhuhudia ushirikiano ukifanya kazi.

Wengi wenu mna damu ya Kingazija. Bibi yangu mzaa mama alitoka Domoni. Kanali Mohamed Bacar alikuwa amejipa urais wa kisiwa kile kwa uchaguzi wa Juni 2007 ambao Umoja wa Afrika uliukataa. Vikawekwa vikwazo, wasuluhishi wakaenda na kurudi, naye hakutikisika. Serikali ya Komoro ikaomba msaada. Tarehe 25 Machi 2008 majeshi ya Komoro, pamoja na wanajeshi wa Tanzania na Sudan chini ya Umoja wa Afrika, yalishuka Nzuwani. Ndani ya siku moja Mutsamudu ilikuwa mikononi mwao, na Bacar akakimbilia Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa.

Siku ile nilikuwa Malindi, hapa hapa Unguja mjini, kwa shangazi yangu. Redio iko juu ya kabati, vocha zilizokwanguliwa zimetapakaa mkekani, na simu ameishika kwa mikono miwili kama anayeomba dua. Alikuwa akipiga Domoni tangu alfajiri, haipatikani. Baada ya adhuhuri ikapokelewa. Hakuuliza nani ameshinda. Aliuliza: "Watoto wako ndani?" Kisha akanyamaza akisikiliza, akaniambia kwamba wanajeshi wamepita mtaani kwao, na mmoja kawasalimia kwa Kiswahili.

Salamu ile haimo katika azimio lolote, lakini nina hakika ilituliza nyumba nyingi. Aliyekuja alikuwa jirani, na aliitwa na mwenye nchi. Hata hivyo marafiki hawakuwa na kauli moja: Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alitaka mazungumzo yaendelee. Sioni aibu katika hilo. Marafiki ambao hawawezi kupingana hadharani, mmoja wao ni mtumwa.

Baharini nitapita haraka. Maharamia wa Kisomali walipozidi, nchi za ukanda huu zilikutana Djibouti Januari 2009 zikaweka kanuni za pamoja za kupashana habari. Kimoja kati ya vituo vya habari hizo kikawa Dar es Salaam. Ni kazi ya kimya ya makarani, redio na ramani, nayo ni muhimu kama manowari.

Mtaniuliza, sisi tunaingia wapi? Ulinzi na mambo ya nje ni mambo ya Muungano tangu 1964. Mikataba inayohitaji kuridhiwa hupelekwa Bungeni Dodoma. Humo wamo wabunge wa majimbo ya Unguja na Pemba, na wengine watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwao. Basi ukipelekwa mkataba wa ulinzi au wa bahari, mpigieni mbunge wenu kabla ya kura. Muulizeni ameusoma? Nani ataruhusiwa kutia nanga kwetu, na kwa muda gani? Tukitaka kujitoa, tunajitoaje? Ili mvuvi wa Mkokotoni akiona manowari ya kigeni inapita nje ya Tumbatu, akauliza ni ya nani na imefuata nini, awepo wa kumjibu.