Mjumbe wa Sekunde Chache: Nitriki Oksidi katika Afya na Maradhi ya Uchakavu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi wapendwa,

Naomba tuanzie Brooklyn, New York, ambako Robert Furchgott alikuwa akichunguza vipande vya mshipa mkuu wa damu wa sungura. Kwa miaka mingi asetilikolini, kemikali ambayo ndani ya mwili hai hutanua mishipa, ilivikaza vipande vyake. Kisha siku moja vikalegea. Alipotafuta chanzo, alibaini kwamba katika matayarisho ya zamani uso wa ndani wa mshipa ulikuwa ukisuguliwa bila kukusudia, na safu moja tu ya seli zinazoufunika, yaani endothelia, ikibanduka. Mwaka 1980, yeye na John Zawadzki walichapisha hoja kwamba safu hiyo hutoa kitu kinachoiamuru misuli ya mshipa ilegee. Nimelikawilia jaribio hili kwa sababu kiini cha mhadhara huu kimo humo: misuli ilikuwa nzima na dawa ilikuwa ileile, lakini mjumbe hakuwapo.

Mwaka 1987 mjumbe huyo alitambuliwa kuwa nitriki oksidi, gesi ambayo hadi wakati huo ilijulikana zaidi kama uchafu wa moshi wa magari. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 walipewa Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad; huyu wa tatu alikuwa ameonyesha mapema kwamba nitrogliserini, ile dawa inayowekwa chini ya ulimi kutuliza maumivu ya kifua, hufanya kazi kwa kuachia gesi hii.

Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kilichomo katika endothelia huichukua arijinini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, pamoja na oksijeni, na kutengeneza gesi hii, ambayo hupenya utando wa seli jirani bila kuhitaji mlango, ikanasa kwenye chuma cha kimeng'enya kingine, na hatimaye kalsiamu ikapungua na misuli ikalegea. Gesi hii hudumu sekunde chache tu. Katika muda huo huzuia pia chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, zisigandamane.

Adui mkubwa wa nitriki oksidi ni supaoksidi, aina ya oksijeni yenye ukali wa kikemikali, ambayo huongezeka kwa uvutaji wa sigara, kisukari na shinikizo la juu la damu. Zinapokutana, hasara ni tatu kwa mpigo: mjumbe anapotea, inazaliwa peroksinitriti, ambayo huunguza protini, mafuta na DNA, na kimeng'enya chenyewe, kikishaharibiwa msaidizi wake, huanza kutengeneza supaoksidi badala ya nitriki oksidi. Hapo ndipo mishipa inapoanza kuchakaa, miaka mingi kabla mgonjwa hajahisi lolote. Katika ubongo mambo hugeuka: mtu anapopata kiharusi, glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari, hufurika, kalsiamu huingia kwa wingi katika seli za neva, na gesi hutengenezwa kupita kiasi hadi kuziumiza seli hizo. Alama za peroksinitriti zimeonekana pia katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson na Alzheimer, maradhi yanayoua seli za ubongo polepole.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaouliza tu kama gesi hii tuiongeze au tuipunguze. Dawa ya kuzuia utengenezaji wake ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mshtuko utokanao na maambukizi, na jaribio likasitishwa kwa sababu vifo viliongezeka. Arijinini nayo ilijaribiwa kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo, na jaribio hilo pia likasitishwa kwa sababu ya vifo. Swali la msingi ni gesi inatoka seli ipi, na inakutana na nini njiani.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996, uliofanywa kwa watoto wa Dar es Salaam, ulionyesha kwamba malaria ilivyokuwa kali zaidi, ndivyo miili yao ilivyotengeneza nitriki oksidi kidogo zaidi, na baadaye arijinini ilikutwa imepungua katika damu ya watoto wenye malaria ya ubongo. Isitoshe, chembe nyekundu zinapopasuka, hemoglobini iliyo huru huimeza gesi ileile, na hali kama hiyo huwapata wenye ugonjwa wa selimundu. Nchini Indonesia, watu wazima wenye malaria ya ukali wa wastani walipotiwa arijinini kwenye mshipa, endothelia yao ilifanya kazi vizuri zaidi. Wenye malaria kali hawakupata nafuu hiyo.