Mtoto anaogopa kurudi shule, tumrudishe vipi?

Wazazi wenzangu asanteni kwa kuja, najua kuna waliofunga biashara mapema leo kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Mnakumbuka hapa Kenya shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, Gredi ya 4, darasa la nane na Fomu 4 wakarudi Oktoba, wengine wote wakangoja mpaka Januari 2021. Pale getini kulikuwa na watoto waliokuwa wakiipenda shule sana, wakarudi wakang'ang'ania leso ya mama hawaachi. Mtoto akikaa nyumbani muda mrefu, iwe ni korona, ugonjwa, msiba au karo, shule inakuwa ngeni kwake. Na kila ukimwambia haya baki leo, anapata nafuu siku hiyo lakini kesho hofu imezidi, hapo ndio wengi tunakwama manake huruma inatushinda.

Tumbo likimuuma Jumatatu asubuhi usimwambie anadanganya, linauma kweli. Apimwe kwanza, malaria si mchezo, lakini ukiona Jumamosi alicheza mpira vizuri na Jumapili usiku tumbo limeanza tena basi ujue kuna jambo. Muulize polepole mkiwa wawili, simu weka kando, na ukimuuliza "kwa nini hutaki" atanyamaza tu, muulize saa gani ya shule ndio mbaya zaidi. Pengine ni choo, pengine kuna mtoto anamnyang'anya chakula, pengine ni fimbo ya mwalimu. Na hiyo fimbo jamani ilipigwa marufuku Kenya tangu 2001, sheria ya elimu ya 2013 ikakaza zaidi, kwa hivyo mwone mwalimu mkuu bila woga, usimrudishe mtoto kwenye kipigo ukasema atazoea.

Hilo likishatatuliwa, ongea na mwalimu wa darasa, siku za kwanza akae mpaka breki, halafu mpaka chakula cha mchana, halafu siku nzima. Kabla ya hapo aanze kulala mapema, ajaribu yunifomu maana wanakua hawa, na rafiki mmoja wa darasani aje wacheze. Asubuhi yenyewe usimtoroke akigeuka, wala usikae getini nusu saa, mwambie "mwanangu nakuja kukuchukua saa nne," uende, na hiyo saa nne akuone.

Zikipita wiki kadhaa bado halali wala hali chakula vizuri, mpeleke kwa mshauri nasaha, si aibu kabisa. Haya maswali, mama pale nyuma nimeona mkono wako.