Kiti Kinachotazama Mlango: Kufanya Kazi na Wachina

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na mwenzangu Kombo. Leo tunawasemea wanaofanya kazi na Wachina: mlioko saiti za ujenzi, mnaoagiza mzigo Guangzhou na Yiwu, na ninyi ambao meneja wenu ametoka Beijing na mkataba wa miaka mitatu. Kombo, tuanzie wapi?

KOMBO: Mezani, dada. Watu hudhani mkutano ndio kazi na chakula ni cha kupoza roho. Huko China, hasa ukishatoka miji ya Shanghai na Shenzhen ukaenda mikoa ya Shandong au Henan, chakula cha jioni ndipo unapopimwa. Na kipimo cha kwanza ni umekaa wapi.

ZUHURA: Na hapo cha kutazama ni mlango.

KOMBO: Mlango, naam. Meza ni ya duara, mara nyingi kwenye chumba cha peke yenu. Kiti cha ndani kabisa, kinachoutazama mlango, ni cha mwenyeji mkuu. Mgeni mkubwa anakaa kuliani kwake, wa pili kushotoni. Shandong wana mwenyeji wa pili, anakaa mkabala na mkuu, mgongo mlangoni. Huyo ndiye wa kuhangaika na wahudumu na kuwachangamsha wageni. Kwa hiyo ukiwahi kufika ukajikalia popote, umeshavuruga hesabu ya watu. Simama, subiri uelekezwe. Ukionyeshwa kiti cha juu kuliko ulivyotarajia, kataa kidogo kwa heshima, halafu kaa.

ZUHURA: Lakini ili wajue wamkalishe nani wapi, lazima wajue mkubwa wenu ni nani. Ujumbe wetu mara nyingi unaingia kiholela: fundi wa kompyuta mbele, mkurugenzi nyuma bado anamalizia simu. Wenyeji wanampa mkono wa kwanza aliyetangulia. Siku moja kabla, tumeni orodha ya majina na vyeo, mkubwa juu, na muingie kwa mpangilio uleule.

KOMBO: Na wao muwaite kwa vyeo. Jina la ukoo ndilo linalotangulia. Bosi wa ukoo wa Wang ni Wang zong, meneja ni Wang jingli, mhandisi ni Wang gong. Naibu ukimwita, ule unaibu unaudondosha, hakuna anayependa kukumbushwa.

ZUHURA: Sisi tuliokuzwa na shikamoo hilo halitusumbui. Haya, chakula kimefika.

KOMBO: Kile kioo cha katikati ya meza kinachobeba sahani kinazungushwa kufuata mwendo wa saa. Sahani mpya inasimamishwa mbele ya mgeni mkubwa, yeye ndiye anayechota kwanza. Usizungushe wakati mwenzako ana vijiti ndani ya bakuli. Na vijiti usivichomeke wima kwenye wali, maana udi wa marehemu ndivyo unavyochomekwa. Samaki mzima akiletwa, kichwa kitaelekezwa kwa mgeni mkubwa. Kikikuelekea wewe, anza, watu wanakusubiri.

ZUHURA: Tuje kwenye pombe, maana hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Na kwa msikilizaji Muislamu ndilo swali la kwanza.

KOMBO: Pombe yenyewe ni baijiu, pombe kali ya nafaka, na hizi za kuwekea wageni mara nyingi ni asilimia 52 au 53. Kikombe ni kidogo mno, mililita kumi na kitu, lakini kinajazwa hadi ukingoni. Mwenyeji anafungua kwa vikombe vya pamoja, kisha watu wanaanza kuzunguka mmoja mmoja. Mkigonganisha, ukingo wa kikombe chako uwe chini ya ukingo wa mkubwa wako. Akisema ganbei, anataka mmalize chote. Akisema suiyi, kunywa unavyoweza.

ZUHURA: Na asiyekunywa?

KOMBO: Aseme mapema, kabla ya siku yenyewe, kwa yule kijana anayeratibu ratiba. Mezani anainua kikombe cha chai kila wenzake wanapoinua, anasimama wanaposimama, analenga ukingo chini vilevile. Hilo linakubalika kabisa, lina hata jina lake. Linaloharibu ni kunywa kimoja "kwa heshima" halafu kukikataa cha pili. Cha kwanza ulikunywa na mkurugenzi, cha pili amekuletea mhandisi. Mhandisi haelewi kwamba hunywi. Anaelewa kwamba umemkataa yeye, tena mbele ya bosi wake.

ZUHURA: Kwa hiyo ni sufuri au ujipange. Vipi chakula chenyewe? Maana mtu anasema "sili nguruwe", wanaitikia vizuri, kisha inaletwa maharage mabichi yamenyunyiziwa nyama ya kusaga.

KOMBO: Kwa mpishi ile ni sahani ya mboga, nyama ni kiungo tu. Na mafuta yanaweza kuwa ya nguruwe. Ukitaka halali, omba mgahawa wa qingzhen, yaani wa Waislamu, tangu siku ya kupanga. Guangzhou na Yiwu ipo mingi, na karibu kila mji utakuta kibanda cha tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou. Kumwomba mpishi wa kawaida aondoe nyama hakusaidii, sufuria ni ileile na divai ya mchele imeshaingia kwenye mchuzi.

ZUHURA: Niongeze hapa. Ukikaa na maofisa wa serikali au wa chama, usishangae meza kukosa chupa. Masharti ya kubana karamu yalianza Desemba 2012, na Mei 2025 yakakazwa zaidi: mlo wa kikazi hauruhusiwi pombe wala sigara. Kampuni nyingi za umma zimefuata nyayo. Mkaribishaji akikumiminia chai, usimtanie kwamba ni mbahili. Wala usimbebee zawadi ya bei kubwa, utamtia matatani.

KOMBO: Zawadi: kahawa iliyokaangwa ya Kilimanjaro, chai ya Kericho, picha ya Tingatinga. Toa kwa mikono miwili. Ataikataa mara moja au mbili, endelea kumpa, na asipoifungua mbele yako usinune. Saa ya ukutani hapana, inanuka msiba. Vitu vya pembe za ndovu hapana kabisa, biashara yake China imepigwa marufuku tangu mwisho wa 2017, na utakamatwa huku kwetu kabla hata hujapanda ndege.

ZUHURA: Bili?

KOMBO: Aliyealika analipa yote. Kuchanga kila mtu lake, kwa mlo wa kikazi, ni aibu kwake. Wewe alika siku ya pili.

ZUHURA: Sasa twende ofisini, kwenye jambo ambalo naona linakula pesa za watu kuliko pombe. Unamuuliza mwenzako, "Mtamaliza Ijumaa?" Anajibu hakuna shida. Ijumaa inafika, shida ipo.

KOMBO: Kwa sababu swali lako lilikuwa na jibu moja tu la adabu. Na ulimuuliza mbele ya nani? Kama bosi wake yuko mezani, au mko kwenye grupu la WeChat, ile programu yao ya ujumbe, lenye watu 30, kusema "hatutaweza" ni kumvua nguo bosi hadharani. Badili swali. "Malighafi zimeshafika kiwandani? Zinafika tarehe ngapi? Mashine ngapi ziko kwenye oda yetu? Nitumie picha ya kazi ilipofikia leo." Maswali hayo hayajibiwi kwa ndiyo. Ukisikia "tutalitazama", au anavuta pumzi kwa meno halafu anazungumzia jambo jingine, hiyo ni hapana. Usiikamue.

ZUHURA: Sisi wenye "inshallah" ya kukwepa tunaijua hiyo.

KOMBO: Tunaijua ikitoka kwetu tu!

ZUHURA: Na kasoro ikishaonekana? Mzigo umefika, bawaba 200 zimepinda.

KOMBO: Mfuate mhusika peke yake kwanza, kwenye ujumbe wa faragha. Tuma picha, zungushia kasoro duara jekundu, weka futi ya kupimia ionekane namba, taja idadi na namba ya oda. Halafu muulize yeye anapendekeza nini. Mpe kama siku mbili za kazi. Ukianza kwa kumwaga lawama kwenye grupu, au kwa barua pepe yenye nakala kwa bosi wake, kiwanda kizima kitajipanga kumlinda, na wewe utabishana na ukuta. Nakala kwa bosi ni silaha ya mwisho, ukishaitumia umeshavunja uhusiano.

ZUHURA: Kwenye WeChat yenyewe, tuache ile tabia ya "Habari, upo?" kisha kimya kusubiri aitikie. Kwetu ni adabu. Kwao anaona ujumbe usio na jambo, anajiuliza unataka kumkopa nini. Salamu na shida viende kwenye ujumbe mmoja. Sauti usitume: maandishi akiyabonyeza yanatafsiriwa hapohapo, sauti ya sekunde 60 yenye lafudhi yetu hataielewa. Na kile kikatuni cha uso unaotabasamu kwa mdomo uliofungwa, vijana wao wanakisoma kama dharau.

KOMBO: Halafu saa. Wako mbele yetu kwa saa tano, na nchi nzima inafuata majira yaleyale. Hapa ikiwa saa moja mpaka saa mbili unusu asubuhi, kule ni chakula cha mchana na usingizi. Ndiyo, wanalala ofisini, taa zinazimwa. Usipige. Dirisha zuri ni kuanzia saa tatu asubuhi yetu mpaka saa saba mchana.

ZUHURA: Tumalizie na kalenda. Wiki ya kwanza ya Oktoba hakuna kazi. Na Mwaka Mpya wao?

KOMBO: Mapumziko rasmi, ukijumlisha na wikendi, ni kama siku nane au tisa, lakini hizo ni za karatasini. Mafundi wa viwandani wanatoka mikoa ya mbali, wanaanza kuondoka wiki mbili kabla, na wapo wasiorudi, ndiyo maana mzigo wa kwanza baada ya sikukuu huwa na kasoro nyingi, ni mikono mipya. Mwaka 2027 inaangukia tarehe 6 Februari. Hesabu hivi: mzigo wa kiwanda cha kawaida unaotaka utoke kabla ya hapo, asilimia 30 ya malipo ya awali iwe imefika Novemba, mkaguzi apite mwanzoni mwa Januari, na asilimia 70 iliyobaki usiiachie kwa sababu tu mhasibu wao anawahi treni ya kwenda kwao.