Tunajenga Ukuta, Ufa Tumeuacha: Mhadhara kuhusu Kelele na Joto Ndani ya Gari la Porini

Asanteni. Walio nyuma naomba msogee, kuna kitu kitapita mikononi mwenu na nataka kila mmoja akishike.

Kipande hiki cha bati kilikuwa sakafu ya gari, upande wa dereva, pale kisigino kinapokaa. Kishikeni taratibu, kingo zake zinakata. Ukikiinua kwenye taa, mwanga unapenya kama kwenye chekeche. Gari kilikotoka halikuwa bovu. Lilikuwa foo-wili zima, injini safi, chesisi imara, na mwenyewe alilipenda kiasi cha kulipeleka likawekewe vizuia kelele kuanzia sakafuni hadi darini. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyoitafuna sakafu hii.

Nieleze, maana hapa ndipo penye somo lote. Mwenye gari aliniletea akilalamikia mambo mawili: uvundo, na kelele ambazo hazikupungua kama alivyoahidiwa. Nikatoa viti, nikainua kapeti. Kwa juu lilikuwa kavu kabisa. Chini yake kulikuwa na sponji ya unene wa sentimita mbili. Nikaikandamiza kwa kiganja, maji ya rangi ya kutu yakapanda katikati ya vidole. Chini ya sponji, mkeka wa butili, yaani mpira mzito unaonata, wenye karatasi ya alumini, umebandikwa ukingo kwa ukingo, kazi ya kupendeza macho, nao umepita juu ya vizibo vyote vinne vya sakafu. Mnajua vizibo vile ni vya nini: ukivuka mto, maji yakaingia, unavichomoa yatoke. Hapa vilikuwa vimezikwa. Maji yakiingia hayana pa kutokea, na sponji inayashikilia juu ya bati kama kitambaa chenye maji juu ya kidonda. Nikagusa kwa bisibisi, ikazama hadi mpini.

Sasa, maji yaliingilia wapi? Nikamlaza kijana wangu chini ya dashibodi na tochi, mimi nikamwaga maji kwa mpira kwenye kioo cha mbele na pembeni mwa boneti. Dakika ya tatu akaita, "Fundi, hili hapa!" Aliyefunga taa za ziada alitoboa ukuta ule wa bati kati ya injini na kabini, tundu la kupita kidole gumba, akapitisha waya bila kuweka raba. Maji yalikuwa yanateleza juu ya waya, tone baada ya tone, yanaingia nyuma ya sponji. Tukakausha, nikawasha injini, nikaziba lile tundu kwa kiganja: mngurumo ukashuka. Nikaondoa kiganja, ukapanda. Tundu moja. Mikeka ya sakafu nzima ilishindwa kufanya ambacho kiganja kilifanya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunajenga ukuta na ufa tumeuacha palepale.

Nataka mwelewe kwa nini, kwa hesabu, ili msinichukulie kama mzee mwenye imani zake. Chukueni ukuta wa injini. Uvalisheni vinili nzito, yaani shiti ya plastiki, ya kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Sasa acheni wazi sehemu 1 katika 100 ya eneo lake. Sehemu hiyo inapitisha sauti yote inayoifikia, kwa hiyo asilimia 1 ya nguvu ya sauti tayari imeshaingia, na asilimia 1 maana yake ni kwamba huwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, hata sehemu nyingine ukiimwagia zege. Mtu akiona matokeo ni hafifu, anafanya nini? Anaongeza tabaka la pili! Kuongeza uzito wa kizuizi maradufu kunaleta takriban desibeli 6 tu, na hiyo ni pale ambapo hakuna tundu. Penye tundu, umeongeza uzito wa gari na hakuna zaidi. Asilimia 1 ya ukuta wa mita moja na nusu za mraba ni kama mraba wa sentimita 12 kwa 12. Angalieni raba ya fimbo ya gia iliyochanika, jumlisheni na ile ya fimbo ndogo ya foo-wili, na matundu ya nyaya. Mmefika.

Na matundu hayo hayaleti kelele peke yake. Palipoingia sauti huingia vumbi, joto la giaboksi, harufu ya ekzosi, na maji. Ukiziba, umemaliza mengi kwa mpigo. Ndiyo maana nikisikia mtu ameanza kwa kununua mikeka kabla hajashika tochi, nakosa subira.

Najua lipo jibu ambalo huwa napewa: gari la porini ni la kelele, anayetaka kimya achukue la mjini. Hapana! Masikio hayajui gari lako ni la aina gani. Kipimo kinachotumika sana kazini kulinda masikio ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda salama unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Safari ya porini haiishi kwa saa 2. Tena kuna jambo la pili ambalo madereva wazoefu wanalifahamu: kabini tulivu inakuwezesha kulisikia gari. Beringi ya gurudumu inapoanza kulia, jiwe lililonasa kwenye breki, tairi inayovuja, haya huanza kwa sauti ndogo. Katika kelele za bati hutayasikia mpaka yawe makubwa, na wakati huo uko mbali na fundi.

Haya, tuseme matundu yameisha. Hapo ndipo unabandika, na unabandika ukijua kila kitu kinafanya nini. Mkeka wa butili kazi yake ni kutuliza mtetemo wa bati. Hauzuii joto, wala hauzuii sana sauti ya hewani. Gongeni bati kwa kifundo cha kidole: likilia kama sufuria tupu, hapo katikati ndipo panahitaji mkeka. Robo hadi nusu ya eneo inatosha. Kile kinachojazwa ukingo kwa ukingo ni uzito, kama kilo 3 kila mita ya mraba kwa mkeka wa milimita 2, na ni vizibo vinavyozikwa. Safisha mafuta na kutu kwanza, kisha kandamiza kwa rola mpaka vile vinundu vya alumini vilale. Alumini isiposhikana na butili, na butili na bati, umebandika pambo.

Sponji nayo imeonewa sana kwa kupewa kazi isiyo yake. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inapiga mara 100 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 3.4. Sponji ya sentimita moja italifanya nini wimbi la mita 3.4? Mtu ataniambia, mbona mimi nilibandika na nikasikia tofauti? Ulisikia, siwezi kukukatalia. Upepo na mlio mkali wa tairi ni mawimbi mafupi, ya sentimita chache, hayo sponji inayapunguza. Na mara nyingi, naomba ufikirie, sponji yako iliziba tundu bila wewe kujua. Mngurumo mzito unahitaji uzito: vinili, nayo iwekwe juu ya sponji isigusane na bati, itandazwe bila kukatika.

Sponji yenyewe iwe ile ambayo vitundu vyake vimefungwa, hainywi maji. Usimwamini muuzaji. Kata kipande, kizamishe usiku kucha chini ya jiwe, asubuhi kikamue. Kikitoa maji, kisiingie sakafuni.

Naona naoneshwa saa. Basi niende mbio. Joto: chuma kinapitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko sponji, kwa hiyo hata sentimita moja darini inasaidia sana. Karatasi inayong'aa lazima iachiwe nafasi ya hewa mbele yake. Ukiibana katikati ya tabaka mbili, haiakisi joto lolote. Mnaolala ndani ya gari, watu wawili usiku mmoja hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho tu, na yatageuka matone penye bati baridi, kwa hiyo acheni dirisha wazi kidogo. Milangoni msizibe matundu ya chini, ndiyo mfereji wa maji yanayopita kwenye kioo. Povu la kunyunyizia lisiingizwe kwenye nguzo wala mashimo ya bodi, kamwe: linashika maji pale usipoweza kufika, na likiungua moshi wake una sumu ya sianidi. Kabla hujaweka kitu, kichome kipande chake nje. Kanuni ya usalama wa magari ya Marekani namba 302 hairuhusu vifaa vya ndani ya gari viungue kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Na chini ya viti mna nyaya za mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga. Tenganisha betri, usubiri, ndipo uzishike.

Mapaa na vioo nilikuwa nimeviandalia, nitaviacha. Nimebakiwa na dakika chache, na afadhali nizitumie kwa tochi. Gari liko nje, la mmoja wenu, amesema lina kelele na amekwisha kununua mikeka iko buti haijafunguliwa. Vizuri. Tutafunga vioo, tutawasha feni ya hewa mpaka mwisho, na mtu mmoja atapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bodi na raba za milango kwa nje. Povu litakapofanya mapovu, hapo pana tundu. Mwingine atalala chini ya dashibodi. Nataka mtu mwembamba. Wewe, mwenye shati la bluu, njoo, shika hii tochi.